Ukuta Mwekundu Juu ya Moto: Kupanga Sebule Bila Kumaliza Pesa za Kikundi



Somo la mwezi huu ni la chumba. Kama kawaida yetu, mmoja asome kwa sauti, mwingine awafafanulie wazee kwa lugha ya nyumbani, na mkifika penye swali simameni mjadiliane kwanza. Msikimbie. Mkiweza, someni mkiwa ndani ya chumba chenyewe mnachotaka kukipanga, na muwe na maharagwe kumi mezani: meupe sita, ya kahawia matatu na jekundu moja. Mtaona kazi yake baadaye.

Najua wengine watauliza: Mwalimu, tumezoea kusoma habari za mbuzi wa maziwa na vitabu vya hesabu, sasa rangi ya ukuta ni maendeleo gani? Hata mimi nilifikiri hivyo, mpaka nikaona kikundi kizuri kikikaribia kuvunjika kwa sababu ya debe moja la rangi.

Kikundi chenyewe kiko Kinangop, kule juu zaidi ya meta 2,400, ambako mwezi wa saba watu hulala na soksi. Kinatumia nyumba ya zamani ya setla. Mtakumbuka kwamba mashamba mengi ya huko waligawiwa wananchi katika mpango wa serikali wa ekari milioni moja ulioanza mwaka wa 1962, na hapa na pale nyumba za mawe zilibaki zimesimama. Sebule ya nyumba hii ina mahali pa kuota moto palipojengwa ndani ya ukuta, yaani ile ambayo wengi wetu huita fayaplesi. Kikundi kiliamua kuitengeneza sebule pamoja na vyumba viwili vya kulala ili wakodishe kwa semina na kwa wageni wanaopita. Kwenye sanduku walikuwa na shilingi 14,000. Hizo ndizo zilikuwa zote.

Kabla kamati haijakaa, mama mmoja mzee, ambaye kila mtu humwita Shosho, aliletewa na mjukuu wake debe la lita nne la rangi ya maji, nyekundu, iliyobaki mahali fulani kazini. Shosho hakuuliza mtu. Jumamosi moja yeye na msichana mmoja wa jirani waliingia, wakapaka ukuta wote ulio juu ya fayaplesi, kuanzia kwenye ile rafu ya mawe mpaka darini. Nyekundu kweli kweli, si ya kubahatisha.

Mkutano wa Jumatano ulikuwa moto kuliko rangi yenyewe. Mweka hazina alisema, "Hii ni sebule au ni kibanda cha kampuni ya simu?" Watu wakacheka, na Shosho akaona anachekwa yeye. Akajibu, "Miaka yote tunapaka kahawia chini ili uchafu usionekane. Mimi nimepaka ukuta ili uonekane." Wengine wakasema ifunikwe na nyeupe mara moja. Wengine wakasema hapana, kwa kuwa ukuta ni mwekundu basi tununue mapazia mekundu, mito myekundu, zulia jekundu na maua mekundu ya plastiki, vyote vifanane. Makundi mawili yakatokea, na yote mawili yalikuwa yanataka kufungua sanduku.

Niliitwa nije kusuluhisha. Hapa lazima nikiri kosa langu. Niliingia, nikatazama kwa dakika mbili, nikasema ifunikwe. Shosho hakunijibu neno. Alivuta shali yake akakaa karibu na dirisha. Kulikuwa na baridi, basi mtu akawasha moto ili tuendelee na mkutano. Baada ya robo saa wote tulikuwa tunafuta macho.

Simameni hapa. Mnafikiri kikundi hiki kingeanzia wapi? Na nyinyi mngekuwa upande gani?

Uliza ukuta kwanza

Moshi ule ndio ulionifundisha. Ukitaka kuupamba ukuta ulio juu ya moto, usianze na rangi wala na picha. Anza kwa kuutazama kama unavyomtazama mtoto anayekohoa. Pale Kinangop, juu tu ya mdomo wa fayaplesi, kwa upana wa viganja viwili hivi, ile nyekundu mpya ilikuwa tayari inageuka kahawia. Chini ya rangi kulikuwa na doa la masizi la miaka mingi, nalo lilikuwa linapenya kutoka ndani. Juu yake moshi mpya ulikuwa unaongeza lingine. Ukuta ulikuwa unasema: chimni haivuti.

Fayaplesi nzima huvuta moshi juu wote. Ukiona doa jeusi au la kahawia juu ya mdomo wake, kuna shida, na hata mpake rangi ya bei gani, doa litarudi. Kupima ni rahisi. Sokotezeni gazeti, liwasheni, mlishike ndani kabisa juu ya mahali pa kuni. Moshi ukipanda, vizuri. Ukirudi chumbani, angalieni mambo haya: pengine chimni imeziba kwa viota vya ndege, nyuki au gunia lililowekwa kuzuia baridi likasahauliwa. Pengine kuni ni mbichi. Pengine mmefunga mlango na madirisha na kuziba kila upenyo, moto haupati hewa ya kusukuma moshi juu. Pengine chimni ni baridi tu, nayo hupona ukitanguliza karatasi inayowaka kabla ya kuweka kuni.

Pale, fundi alipopanda juu ya paa alitoa viota viwili na gunia zima la sisali lililokauka. Gunia! Mtu fulani alilitia humo zamani, nasi tulikuwa tunabishana juu ya mito na mapazia.

Naomba mlisikie hili polepole. Chimni iliyoziba si jambo la macho kuwasha peke yake. Moto, na hasa wa makaa, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, hulegea, na akiwa amelala anaweza asiamke. Kikundi kile kilikuwa kimepanga kwamba mgeni akisikia baridi usiku apewe jiko la makaa chumbani. Wazo hilo tulilifuta siku hiyo hiyo. Jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala, hata kama dirisha liko wazi kidogo. Wapeni wageni blanketi ya pili na chupa ya maji ya moto. Na katika sebule, moto ukiwaka, dirisha moja libaki wazi kidogo.

Kuhusu kuni: huko juu tunachoma sana mikaratusi na sipresi. Zikiwa mbichi huacha lami ndani ya chimni, na lami hiyo siku moja inaweza kushika moto yenyewe. Pasueni kuni, muzipange mahali pakavu penye upepo, zikae angalau miezi sita. Sipresi hurusha cheche, kwa hiyo zulia lisifike karibu na mdomo wa moto. Chimni isafishwe kila mwaka kabla ya majira ya baridi.

Baada ya chimni kupona ndipo tukashughulikia doa. Rangi ya maji ikipakwa juu ya masizi hainyamazi; doa hupenya tena. Osheni kwa maji ya moto na sabuni, mara mbili au tatu, acheni pakauke kabisa, kisha pakeni kwanza rangi ya kuzibia madoa, ile ya mafuta, mahali penye doa tu. Halafu ndipo ile nyekundu irudi juu. Plasta mpya nayo isipakwe haraka. Ipeni kama mwezi mmoja ikauke. Na msipake rangi ya kawaida ndani ya fayaplesi kwenyewe mnapowasha kuni, itababuka na kunuka.

Jambo moja la nyumba za zamani. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Msizikwangue zikiwa kavu, wala msizichome kwa moto ili zitoke. Kama zimeshika vizuri, ziacheni na mpake juu yake. Kama zinabanduka, lowesheni kwa maji kabla ya kugusa na msasa, watoto na akina mama wajawazito wawe mbali, na vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe.

Kutoa kabla ya kununua

Sasa turudi kwenye ugomvi. Moshi ulipokwisha nilikaa tena nikautazama ule ukuta. Nikaona kwamba nyekundu haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba ilikuwa inapigiwa kelele kutoka kila upande.

Tulihesabu vitu vilivyokuwa kwenye kuta za chumba kile. Kalenda nne, mbili za miaka iliyopita. Saa iliyosimama. Cheti cha usajili wa kikundi. Picha tatu za harusi za watu tofauti, zimetundikwa karibu na dari kama desturi yetu, mpaka mtu akunje shingo kuziona. Utepe wa kung'aa wa Krismasi. Chati ya malengo. Juu ya rafu ya mawe, maua ya plastiki katika mikebe mitatu, redio, kandili na glasi sita. Na kila kochi lilikuwa na kitambaa chake, kila kimoja rangi yake: kijani, zambarau, manjano, waridi. Mimi napenda vitambaa, mama yangu alishona hivyo mpaka macho yakachoka. Lakini vyote pamoja mbele ya ukuta mwekundu ni kama watu kumi wakizungumza kwa wakati mmoja kwenye baraza.

Tukatoa kila kitu nje, tukaweka kwenye nyasi. Kila kitu, hata makochi. Tulipoingia tena ndani, chumba kilikuwa kitupu na ule ukuta mwekundu peke yake na moto chini yake. Mweka hazina alisimama mlangoni. Akasema, "Kumbe ni mzuri." Hakumwangalia Shosho, lakini alisema.

Hapo ndipo tukaanza kurudisha, kimoja kimoja, na kila kitu kilichorudishwa ilibidi mtu aseme kinafanya kazi gani. Cheti cha usajili kilienda karibu na mlango, ambapo mgeni au afisa anakiona akiingia. Kalenda moja ilirudi, ya mwaka huu, ikaenda ofisini. Redio ilienda pembeni. Saa ilitiwa betri, ikaonekana haikuwa mbovu. Vitambaa vyeupe na vya rangi ya maziwa vilibaki. Vile vya rangi vilienda vyumba vya kulala, na huko vilipendeza. Picha za harusi zilirudi kwa wenyewe. Utepe wa Krismasi mpaka Desemba.

Maharagwe kumi

Sasa chukueni maharagwe yenu, myatandaze mezani. Meupe sita, ya kahawia matatu, jekundu moja. Jicho linakwenda wapi kwanza? Ongezeni mekundu matatu zaidi, mtawanye katikati. Sasa linakwenda wapi?

Mafundi wa mapambo wana kipimo kinachofanana na hicho: sita katika kumi za chumba ziwe rangi tulivu, tatu rangi ya kati, moja ndiyo rangi kali. Si sheria, ni kipimo cha kuanzia. Kwa hesabu hiyo, ukuta mwekundu wa Shosho ulikuwa tayari umekula sehemu yake yote, na pengine na zaidi. Ndiyo maana mapazia mekundu na zulia jekundu yangeharibu. Wale waliotaka vyote vifanane wangelipa pesa ili kuufanya ukuta usionekane tena. Ukitaka nyekundu irudi mahali pengine, irudi kidogo sana: mto mmoja, au mstari kwenye pazia.

Sehemu sita tulivu zilikuwa kuta nyingine tatu, zilizokuwa na kahawia chini na samawati iliyopauka juu. Hizo zilihitaji kupakwa, na hapa ndipo pesa kidogo zilitumika. Tulinunua rangi nyeupe ya maji, debe moja kubwa la lita 20. Nyeupe tupu ingekuwa kali mno karibu na nyekundu, kama zahanati. Shosho alikuwa amebakisha rangi chini ya debe lake. Tukachota kikombe kimoja, tukakikoroga ndani ya ile nyeupe kwa mwiko mrefu mpaka ikawa rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai. Kuta zote zikawa ndugu. Mnaweza kufanya hivyo mkiwa na rangi mbili za aina moja. Ya maji kwa ya maji tu, msichanganye ya maji na ya mafuta.

Kama pesa hazitoshi kabisa, chokaa inafaa kwa kuta tulivu, na udongo mwekundu uliochekechwa sana unaweza kuchanganywa nayo bila kupauka. Ila chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, na inachoma macho na ngozi, basi mfunike mikono na macho. Dada zetu wa Rwanda wana sanaa iitwayo imigongo, wanaipamba kuta kwa michoro ya samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, inainuliwa kama matuta, kisha hupakwa rangi, hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Rangi tatu tu, na mtu hawezi kuondoa macho. Hawana haja ya kumi.

Sehemu tatu za kati zilikuwepo tayari na hazikugharimu kitu: mbao za sakafu, viti, vikapu vya sisali vya kuwekea kuni, na mawe ya fayaplesi yenyewe, ambayo mtu zamani aliyapaka rangi ya fedha. Hiyo rangi tuliiacha kwa sasa. Si kila kitu mnaweza kukitengeneza mwaka mmoja.

Kabla hamjapaka rangi kali yoyote, pakeni kwanza kipande cha kadibodi, kikubwa kama mlango wa kabati, mkiegemeze ukutani siku mbili. Kitazameni asubuhi, saa sita na usiku. Nyekundu na manjano hupendeza kwa taa ya mafuta na mwanga wa moto. Samawati huzimika ikawa kama kijivu. Kwa zile balbu nyeupe za sola mambo hubadilika tena. Na kumbukeni kwamba nyekundu huukaribisha ukuta. Chumba kidogo huonekana kidogo zaidi. Katika chumba chembamba, ipakeni ile sehemu inayojitokeza juu ya moto tu, si ukuta mzima.

Kitu kimoja juu ya moto

Lilibaki swali la mwisho: nini kiwekwe juu ya ile rafu, katikati ya nyekundu? Tulikubaliana kitu kimoja tu. Mwenyekiti alitaka kioo kikubwa. Vijana walitaka televisheni. Nikawaambia joto na masizi huiua upesi, na watu watakaa wamenyanyua shingo. Kipimo cha joto ni mkono: moto ukiwa umewaka saa nzima, wekeni kiganja ukutani pale mnapotaka kutundika. Kama hamwezi kukiacha hapo, msitundike kitu. Na rafu ya mbao au chochote kinachoweza kuungua kiwe angalau sentimeta 30 juu ya mdomo wa moto. Zaidi ni bora.

Ndipo katibu akaleta kitu kutoka kwenye sanduku la faili. Ilikuwa picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya akina mama kumi na wawili wameshika majembe kwenye mtaro wa maji, miaka ya sabini. Waanzilishi. Wengi wao wameshatangulia. Wa tatu kutoka kushoto, kijana, mwenye kitambaa kichwani na uso wa kutocheka, alikuwa Shosho.

Ilitolewa nakala kubwa mjini, ikawekwa katika fremu nyembamba nyeusi yenye kioo, na pambizo pana nyeupe kuzunguka picha. Picha isiyo na rangi hupendeza sana juu ya rangi kali, kwa sababu hazishindani. Imetundikwa kwa kimo cha macho ya mtu aliyesimama, si darini. Ile ya asili ilirudi kwenye faili, salama na moshi.

Makochi hayakurudi kuzunguka kuta kama chumba cha kungojea daktari. Yaliwekwa nusu duara kuukabili moto. Hilo si jambo geni kwetu. Katika nyumba za zamani za Wakikuyu moto ulikuwa katikati, juu ya mafiga matatu, na watu waliuzunguka. Fayaplesi iliusukuma moto ukutani, lakini watu bado wanataka kuukabili. Mkiwa na ukuta wenye nguvu, viti vitawaelekeza wageni kuutazama.

Hesabu ya mwisho: rangi nyeupe, rangi ya kuzibia madoa, brashi mbili, kazi ya fundi wa chimni, nakala ya picha na fremu. Sanduku lilibaki na zaidi ya nusu. Mapazia bado ni yale ya zamani.

Kazi ya kikundi kabla ya mkutano ujao

Mkiwa na fayaplesi au jiko lenye chimni, lifanyieni kipimo cha gazeti mbele ya wanachama wote, na mwandike mlichoona kwenye kitabu cha kumbukumbu. Kama hakuna, tazameni ukuta ulio karibu na jiko katika nyumba tatu za wanachama: masizi yanaanzia wapi, na dirisha liko wapi?

Chagueni chumba kimoja. Toeni nje kila kilicho ukutani. Kaeni ndani dakika kumi kabla ya kurudisha chochote. Kila anayetaka kurudisha kitu aseme kwa nini.

Halafu jibuni hili kwa uwazi: je, katika kikundi chenu yuko mtu aliyefanya jambo kwa mikono yake bila kuuliza kamati, akachekwa? Nani alimwendea baadaye, na alimwambia nini?